Kujua omu na wati za vyombo vya nyumbani Bukavu: kibandiko, multimita, koleo la ampea au mita?

Anayetaka kununua inveta, anayechagua dijonkta ya nyumba (swichi inayojikata mkondo ukizidi), anayegawana bili ya umeme na wapangaji wenzake katika parsela moja (kiwanja kimoja), wote hufika mahali pamoja: lazima wajue kila chombo kinakula wati ngapi. Mwingine ana swali la jikoni: kwa nini resho, yaani jiko la umeme, lililoandikwa wati 1000 linamaliza jioni nzima bila kuivisha maharagwe? Yote haya hujibiwa na namba nne tu, yaani volti, ampea, omu na wati. Ukiwa nazo mbili, mbili zilizobaki unazipata kwa kalamu, na hesabu yenyewe mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kazi iko kwenye kuzipata zile mbili za kuanzia. Katika mji wetu, ambako volti za asubuhi si volti za jioni, jibu huharibikia hapo.

Njia za kuzipata ni nne. Ya kwanza ni kusoma kibandiko kilicho nyuma au chini ya chombo, kisha kupiga hesabu. Ya pili ni multimita, ile ndogo inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme. Ya tatu ni koleo la ampea, pensi ya mafundi, ambalo linauma waya mmoja na kusoma mkondo bila kukata kitu. Ya nne ni mita inayohesabu wati yenyewe: ama ile ndogo ya kuchomeka kati ya ukuta na chombo, ama mita ya kulipa kabla iliyofungwa nyumbani, ambayo taa yake humweka haraka kadiri umeme unavyotumika kwa wingi.

Nitazilinganisha kwa mambo manne: ukweli wa namba inayotoka, aina ya chombo zinachoweza kupima, usalama wa anayepima, na bei pamoja na muda. Bei nimeiweka mwisho makusudi. Kifaa rahisi kinachokupa namba isiyo kweli kitakufanya ununue inveta isiyotosha, na hasara ya inveta ni kubwa kuliko bei ya vipimo vyote hivi.

## Hesabu kwanza, kwa ufupi

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha uhusiano ambao mpaka leo unabeba jina lake: volti zikigawanywa kwa ampea zinatoa ukinzani, unaopimwa kwa omu. Nguvu, yaani wati, ni volti mara ampea. Ukiziunganisha hizo mbili, unapata njia zote utakazohitaji:

R = V ÷ I
P = V × I
P = V × V ÷ R
P = I × I × R

Chukua resho la wati 1000 kwa volti 220. Mkondo wake ni 1000 ÷ 220, yaani ampea 4.55. Ukinzani wake ni 220 ÷ 4.55, yaani omu 48.4. Namba hiyo ya omu ishike vizuri, maana ndiyo mali ya resho lenyewe. Waya wake kwa kawaida ni wa nikromu, na ukinzani wa nikromu hupanda kwa asilimia chache tu hata waya ukiwa mwekundu. Wati 1000 si mali ya resho. Ni ahadi inayotimia volti zikiwa 220 tu.

Na hapa kwetu volti 220 ni jambo la kuthibitisha kila saa. Umeme wa Bukavu unategemea hasa mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu hapahapa mjini: Ruzizi I ilianza kazi mwaka 1958, Ruzizi II mwaka 1989, na mji umepanda milima mingi tangu hapo. Jioni kila nyumba ikiwasha, yule aliye mwisho wa waya huko juu hapati kile anachopata jirani wa transfoma. Tuseme volti zimeshuka hadi 170. Resho lilelile la omu 48.4 sasa linatoa 170 × 170 ÷ 48.4, yaani wati 597. Volti zimepungua kwa asilimia 23 lakini joto limepungua kwa asilimia 40, kwa sababu volti zinaingia kwenye hesabu mara mbili. Ongeza kwamba mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1500, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100, na mama anayelalamika juu ya maharagwe yake ana haki kabisa.

## Namba inayotoka ni ya kweli kiasi gani?

Kibandiko kinasema ukweli wa kiwandani. Kikisomeka vizuri na kikiwa cha kiwanda kinachoheshimu kazi yake, ukinzani unaoupata humo ni mzuri. Shida huanza pale panapoandikwa "220–240 V, 850–1000 W". Wengi huchukua 220 na 1000, kisha hesabu inakuwa kubwa kupita kiasi. Linganisha ndogo na ndogo, kubwa na kubwa: 220 × 220 ÷ 850 ni omu 57, na 240 × 240 ÷ 1000 ni omu 57.6. Zinakubaliana, kwa hiyo kwa volti 220 chombo hicho ni cha wati 850. Ukaguzi huu mdogo pia unakuonyesha kibandiko cha uongo: namba mbili zisipokubaliana hata kwa mbali, aliyeiandika hakupima.

Multimita inakupa kitu ambacho kibandiko hakiwezi kukupa, yaani volti za ukutani kwako, saa hii. Jambo moja tu ndilo linalotofautisha kipimo kizuri na kibaya: pima volti chombo kikiwa kinawaka. Ukipima soketi tupu utaona 214 na kufurahi, kisha resho likiwashwa volti zinaanguka hadi 196. Iliyo ya kazi ni hiyo 196. Halafu chomoa resho, lisubiri lipoe, weka multimita kwenye omu na gusa pini mbili za plagi. Kabla ya hapo gusanisha ncha za multimita zenyewe. Ikisoma sehemu ndogo ya omu, itoe kwenye jibu lako.

Koleo la ampea linapima mkondo wenyewe, chombo kikiwa kazini, kwa hiyo halina haja ya kukisia ukinzani wa baridi na wa moto. Lakini lenyewe peke yake linajua ampea tu. Bila volti za wakati uleule, bado hujapata wati. Makoleo mengi yana tundu za kupimia volti pia, na hayo ndiyo ningependelea.

Mita inayohesabu wati haitaki hesabu ya volti wala ya ampea. Ile ya kuchomeka inakuonyesha wati moja kwa moja. Ile ya ukutani inataka saa ya simu na macho. Tafuta kwenye uso wake namba inayoishia na imp/kWh, yaani mimweko kwa kila kilowati-saa, mara nyingi 1000 au 1600 au 3200. Zima vyombo vyote, washa kimoja, kisha hesabu mimweko 20 na muda wake. Kwa mita ya 1600, mimweko 20 ni wati-saa 12.5, kwa hiyo wati ni 45 000 gawanya kwa sekunde ulizohesabu. Kwa mita ya 1000 tumia 72 000. Kwa ile ya 3200 tumia 22 500.

Tazama resho moja likipitishwa kwenye njia zote, volti zikiwa 196 linapowaka:

| Njia | Kinachosomwa | Hesabu | Jibu |
|---|---|---|---|
| Kibandiko | 220 V, 1000 W | hakuna | wati 1000 |
| Multimita | 196 V, omu 47 likiwa baridi | 196 × 196 ÷ 47 | wati 817 |
| Koleo na volti | 196 V, ampea 4.05 | 196 × 4.05 | wati 794 |
| Taa ya mita (1600) | mimweko 20, sekunde 57 | 45 000 ÷ 57 | wati 789 |

Tatu za chini zinakaribiana, na tofauti zake zinaelezeka: multimita imezidisha kidogo kwa sababu ilipima waya wa baridi, na kidole kwenye saa ya simu hakiwi sahihi kabisa. Kibandiko kimeachwa mbali kwa wati karibu 200, ingawa hakikusema uongo.

Nibaki kidogo kwenye zile volti 18 zilizopotea kati ya 214 na 196, maana zina habari ambayo wengi wanaipita. Volti 18 mara ampea 4.05 ni wati 73, na wati hizo zinageuka joto mahali fulani kwenye waya. Mahali gani? Acha resho liwake, pima volti kwenye dijonkta, kisha kwenye soketi. Ukikuta 210 na 196, volti 14 zinapotelea ndani ya nyumba yako. Sasa piga hesabu ya waya mzima: shaba ina omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye unene wa milimita moja ya mraba. Kutoka dijonkta hadi soketi ni mita 20, kwenda na kurudi 40, unene milimita 1.5 za mraba: 40 × 0.0175 ÷ 1.5 ni omu 0.47. Mara ampea 4.05, unapata chini ya volti 2. Ulitegemea 2 ukakuta 14. Volti 12 zilizozidi zinaliwa na maungio mabaya, pengine nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe, na hapo kuna karibu wati 50 zinazopasha sehemu ndogo kama ncha ya kidole. Kule komuni ya Kadutu ambako nyumba za mbao zimebanana, maungio kama hayo ni hatari kwa mtaa mzima. Hesabu ya omu na wati ikitumika kwa jambo moja tu katika maisha ya mtu, ningetaka litumike kwa hili.

## Chombo chenyewe ni cha aina gani?

Resho, pasi, birika la umeme, hita ya maji: hivi ni vyombo vya ukinzani mtupu, na njia zote nne zinavifaa.

Balbu ya zamani yenye waya wa tangsteni ni ya ukinzani pia, lakini multimita kwenye omu itakupotosha vibaya. Balbu ya wati 60 ikiwaka ina omu kama 807. Ikiwa baridi ina omu 60 hivi, na ukiingiza 60 kwenye hesabu utapata balbu ya wati 800. Tangsteni hubadilika sana kwa joto. Nikromu haibadiliki hivyo. Kwa balbu, kibandiko au koleo.

Friji, pampu na feni zina mota, na hapa mambo yanageuka. Koleo likisoma ampea 1.1 kwenye friji ya volti 220, zidisha utapata 242, lakini hizo si wati zinazolipiwa. Ndani ya mota mkondo huchelewa nyuma ya volti, na sehemu ya mkondo huo huenda na kurudi bila kufanya kazi. Lazima uzidishe tena kwa kosini fi, namba iliyo kati ya 0 na 1. Kwa friji hiyo ikiwa 0.62, wati za kweli ni 150. Mita ya kuchomeka na mita ya nyumba huhesabu jambo hili zenyewe, ndiyo maana kwa vyombo vya mota ningeziamini kuliko koleo. Multimita kwenye omu haifai kabisa hapo: itapima waya wa shaba ndani ya mota, na omu hizo haziko kwenye uhusiano rahisi na wati zake. Kibandiko nacho kina mtego. Kwenye pampu, namba ya "0.5 HP" au "370 W" mara nyingi ni nguvu inayotoka kwenye mhimili kwenda kusukuma maji, inayoingia kutoka ukutani ni kubwa zaidi. Tafuta ampea zilizoandikwa, hizo ndizo za umeme unaoingia.

Mota pia hufanya kinyume cha resho volti zinaposhuka. Resho hupunguza mkondo na kupoa. Mota yenye mzigo huvuta mkondo zaidi, hupata moto, na kwa kawaida friji huungua hivyo katika majuma ya umeme dhaifu. Simu, kompyuta na televisheni zina vyanzo vya umeme vinavyojirekebisha: volti zikishuka huvuta ampea zaidi ili wati zibaki zilezile. Kuuliza ukinzani wa televisheni ni swali lisilo na jibu la kutumika. Uliza wati.

Balbu za LED nazo zinasumbua koleo kwa sababu mbili. Ampea zake ni chache mno, na kosini fi yake mara nyingi ni ndogo. Balbu ya wati 9 inaweza kuvuta ampea 0.08, ambayo kwa volti 220 inatoa 17.6 ukizidisha tu. Kwa ampea chache, mafundi huzungusha waya mmoja mara kumi ndani ya mdomo wa koleo, kisha hugawanya jibu kwa kumi. Inafanya kazi vizuri kabisa.

Kwa paneli za jua na betri, hesabu ni tamu: mkondo ni mnyoofu, hakuna kosini fi, volti mara ampea ni wati, basi. Na hapo multimita ndogo inatawala, kwa sababu inapima ampea za mkondo mnyoofu hadi 10. Koleo la bei nafuu huwa linapima mkondo geu pekee, yaani wa ukutani. Kabla ya kulinunua kwa ajili ya paneli, angalia alama ya DCA, yaani ampea za mkondo mnyoofu. Anayepima nyuma ya inveta ya bei nafuu, ambayo umbo la umeme wake si laini, atafute kipimo chenye alama ya True RMS, la sivyo namba zitapotoka bila yeye kujua.

## Usalama

Kibandiko hakimuui mtu. Taa ya mita nayo unaitazama tu, na mita ya kuchomeka ni salama ukifuata ampea zake za juu, kwa kawaida 16, bila kuichomeka kwenye soketi iliyolegea.

Koleo ni salama kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa linauma waya wenye ganda lake. Lakini lazima liume waya mmoja. Likiuma kebo nzima, mkondo wa kwenda na wa kurudi hufutana na koleo husoma sifuri. Dawa yake ni kutengeneza ralonji (waya wa kurefushia) fupi ya kupimia: chana ganda la nje tu, kwa urefu wa kiganja, utenganishe nyaya za ndani bila kugusa maganda yake. Ralonji hiyo itakutumikia miaka mingi. Usichane waya wa chombo cha mtu.

Multimita ndiyo inayohitaji heshima. Multimita nyingi ndogo haziwezi kupima ampea za umeme wa ukutani hata kidogo. Zina sehemu ya ampea za mkondo mnyoofu peke yake. Mtu asiyejua huhamisha ncha nyekundu kwenye tundu la 10A kisha anagusa soketi. Tundu hilo halina karibu ukinzani wowote ndani, kwa hiyo ni kama ameunganisha waya mbili za ukuta moja kwa moja: cheche, ncha kuyeyuka, pengine jicho. Kanuni yangu ni kali: kwa umeme wa ukutani, multimita ndogo ni ya volti na omu tu. Omu zipimwe chombo kikiwa kimechomolewa. Na volti za dijonkta kuu zipimwe kwa kifaa chenye alama ya usalama ya CAT III 600 V au zaidi, ukiwa na viatu vikavu, au umwachie fundi.

Multimita ina faida moja ya usalama ambayo wenzake hawana. Pasi ikiwa imechomolewa, gusa pini moja ya plagi na sehemu ya chuma ya pasi, kisha pini nyingine. Zote zinapaswa kusoma "1" ya upande au OL, yaani hakuna njia. Ikisoma omu yoyote, umeme una njia ya kufika mkononi mwako. Katika nyumba isiyo na waya wa ardhi, kipimo hicho cha nusu dakika kina thamani kubwa.

## Bei na muda

Kibandiko na taa ya mita ni bure, mradi kibandiko hakijafutika na mita ipo. Anayelipa kiasi cha jumla bila mita hana taa ya kuhesabu. Multimita ndogo ndiyo ya bei nafuu kati ya vile vya kununua, koleo na mita ya kuchomeka viko juu yake. Kwa muda, mita ya kuchomeka ni ya haraka kuliko zote, na ndiyo pekee inayoweza kukaa na friji siku nzima ikihesabu kilowati-saa. Lakini soma kwanza inakubali volti za kuanzia ngapi. Nyingine hujizima umeme ukidhoofika, yaani wakati uleule unaoihitaji.

## Kwa hali yako

Unachagua dijonkta na waya za nyumba: kibandiko kinatosha, na hapa ndicho bora, kwa kuwa unatafuta kiwango cha juu kabisa. Jumlisha ampea za vyombo vitakavyowaka pamoja. Resho 4.55, pasi ya wati 1200 ni 5.45, birika la wati 1800 ni 8.2, jumla 18.2. Dijonkta ya ampea 16 imezidiwa, na kuibadilisha kwa ya 32 juu ya waya wa milimita 1.5 za mraba ni kuiweka nyumba kwenye hatari ya moto. Waya wa 1.5 usipewe dijonkta inayozidi ampea 16, wa 2.5 usipewe inayozidi 20. Gawa vyombo kwenye njia mbili.

Resho halipiki, pasi haipati moto, taa zinafifia ukiwasha kitu: nunua multimita ndogo, pima volti na mzigo na bila mzigo, kwenye dijonkta na kwenye soketi. Kama volti ni ndogo tangu kwenye dijonkta, tatizo liko kwenye mtandao na hakuna resho jipya litakalokusaidia. Kama zinapotelea ndani, ita fundi akague maungio leo, si mwezi ujao.

Mnagawana bili katika parsela: taa ya mita, mbele ya wote, chombo kimoja kimoja. Kila mtu anaona mimweko na anahesabu mwenyewe, na ugomvi hupungua. Kwa friji ya mpangaji mmoja, azimeni mita ya kuchomeka kwa saa 24, maana friji huwaka na kuzima na kipimo cha dakika moja hakisemi kitu.

Unanunua inveta au jenereta: hapa kifaa kimoja hakitoshi. Wati za kawaida zichukue kwenye mita ya kuchomeka, kisha tafuta mkondo wa kuwashia. Mota inapoanza huvuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi sana. Friji ya ampea 1.1 inaweza kuhitaji ampea 6 au 7 kwa kufumba na kufumbua, na inveta ya wati 500 ikakataa ingawa kwa karatasi ilitosha. Koleo lenye kitufe cha INRUSH litakuonyesha. Kama hulimiliki, mwombe fundi mwenye nalo aje kabla hujalipa.

Una mashine ya kusaga au ya kuchomelea kwenye umeme wa waya tatu: koleo, mikononi mwa fundi. Hesabu hubadilika kuwa 1.73 × volti 380 × ampea × kosini fi, na kila waya upimwe peke yake, kwa sababu waya mmoja ukibeba kidogo kuliko wenzake mota iko njiani kuungua.

Na mwalimu wa fizikia anayetaka wanafunzi wake waione R = V ÷ I kwa macho yao, atumie multimita ndogo na betri ya volti 12, asiguse ukuta. Awape kipande cha waya wa resho lililokufa, kirefu cha kutosha ili mkondo usizidi ampea 2. Wapime volti na ampea za sehemu ileile ya waya, wakibadilisha urefu wa waya uliobaki kwenye mfuatano bila kuvuka ampea hizo 2, wachore mstari. Kisha awape balbu ya gari waifanyie vilevile, ikifungwa mfuatano na urefu mbalimbali wa waya uleule: mstari utapinda, na wao wenyewe wataanza kuuliza kwa nini.